Kumkumbuka Fundi, na Kolekole Aliyekwenda Zake

Baba,

Mwaka umezunguka tangu siku ile ulipovua miwani, ukaikunja, ukaiweka juu ya cherehani na kusema unajinyoosha kidogo. Hicho kidogo chako, Baba, kimetushinda. Tumekisubiri mwaka mzima.

Mama bado anafuta vumbi ile cherehani kila asubuhi. Miwani haisogezwi. Kaka alijaribu kuisukuma pembeni apate pa kuweka kikombe, akatazamwa jicho moja tu, akanywa chai yake amesimama.

Watu wa mtaa huu walikujua kwa sare za shule. Ulishona sketi na kaptula za watoto, kisha ukaja kuwashonea watoto wa watoto hao, na kila nguo uliiachia upindo mpana, kwa sababu ulisema mtoto hakui kwa ratiba ya mzazi. Na akija mzazi mwenye viatu vilivyochoka, akauliza bei kwa sauti ya chini, ulijifanya umekumbuka jambo. "Hebu ngoja. Kuna sare hapa nilikosea kipimo, mwenyewe akaikataa. Inanijazia duka tu. Mchukulie mtoto, utanisaidia." Mwenyewe huyo hakuwepo. Sare uliishona jana yake, na hukuwa umekosea chochote. Sisi wa nyumbani tuliujua huo mchezo wako, na ndiyo maana leo najiuma vidole kwamba mwingine sikuuona.

Basi kazi ilikuwa hiyo. Starehe yako ilikuwa moja, Jumapili ya kwanza ya mwezi, wewe na Sindano.

Nani asiyeijua Sindano? Boti ya faiba ya kukaa watu watatu, wanne wakiwa wanapendana, na mashine ndogo nyuma inayokohoa weee kabla ya kukubali kuwaka. Viti vyake vilikuwa na mito uliyoshona kwa mabaki ya vitambaa vya sare, bluu na kaki. Mwenzako alikuwa Kipara, kinyozi wa mlango wa pili, ambaye hana unywele hata mmoja, na ambaye ulikuwa ukimwambia kila wiki kwamba kichwa chake ndicho tangazo baya kuliko yote mtaani. Yeye alishika mashine, wewe ulishika mshipi. Wavuvi wenyewe wakiwaona mnapita, waligeukia upande wa pili wasicheke mbele yenu.

Na kweli mlichekesha. Mshipi uliuzungushia kwenye koni tupu za nyuzi. Kidoleni ulivaa kile kikofia cha chuma cha mafundi cherehani ili mshipi usikukate, na shingoni ulining'iniza mkasi wako mdogo kwa utepe mweusi, ule ule wa dukani, kama vile mteja angeweza kutokea katikati ya maji. Kila samaki aliyepanda botini alipimwa kwa tepu. Tena si urefu tu, hata kifua na kiuno. "Mheshimiwa, umepungua kiuno, unakula kweli?" Mdogo ulimrudisha majini. "Nenda ukakue kwanza. Saizi yako hatuna." Halafu ukaandika kwenye daftari la wateja, na ndiyo maana hadi leo, kati ya suruali ya mwalimu mkuu na suti ya bwana harusi, yumo changu mmoja na vipimo vyake vyote.

Mama hakupanda boti ile hata mara moja. "Mimi na bahari tunasalimiana kwa mbali," alisema. Alikungoja mlangoni na sufuria, akachungulia ndoo yako.

"Hawa wawili ndio siku nzima?"

"Wengine wameniambia niende mwezi ujao, mke wangu. Leo walikuwa na shughuli."

Tulicheka mpaka basi. Nyumba yetu ilikuwa ya kucheka, Baba, na wewe ndiye uliyekuwa ukiichekesha. Sasa hivi tunacheka, ndiyo, lakini kuna mtu mmoja ananyamaza ghafla, halafu wote tunanyamaza.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe, maana ndiyo iliyonikalisha hapa kuandika. Ni miaka saba sasa.

Wiki moja kabla yake ulikuwa umempa mchora mabango kibao cha duka akiandike upya. FUNDI NA BINTI. Herufi nyekundu, kubwa, za kuonekana toka barabara kuu. Binti ni mimi. Nilishona kifungo changu cha kwanza nikiwa na miaka sita, na kila aliyeingia dukani uliniita nije nionyeshe mikono. "Huyu ndiye atakayenifungia duka na kulifungua." Uliposimama chini ya kibao kile na kukipiga picha, ulikuwa na furaha ya mtoto.

Nami nilikuwa na leseni ya magari makubwa ndani ya pochi. Mwaka mzima nilikuwa nikijifunza kuendesha malori kwa siri, nikikuaga kwamba naenda kununua vifungo. Vifungo gani hivyo, jamani, vya kununuliwa saa nne nzima! Kampuni moja ya mizigo ilishanipa kazi. Nilitakiwa kuanza Jumatatu, nawe hukujua lolote.

Kwa hiyo nikasema twende wote kuvua. Nilidhani majini nitapata ujasiri. Loo! Kumbe majini ndiko kusiko na mlango wa kutokea. Saa tatu nzima nilikaa kwenye mto wangu wa kaki, nikikata chambo, nikisafisha koo. Mara nne nilisema, "Baba." Mara nne ulisema, "Naam, mama." Na mara nne nikasema, "Basi, hakuna." Ukaniangalia, ukamwangalia Kipara, ukarudisha macho kwenye maji.

Kisha kolekole akashika.

Boti iliinama upande wako, mshipi ukalia. Ulisimama, ukakaa, ukasimama tena. Kipara alikuwa anapiga kelele, "Mlegezee! Mlegezee kidogo, Fundi!" Robo saa ulipigana naye, na alipopita chini yetu mara ya kwanza tuliona ubavu wake unang'aa, mpana kama ubao wako wa kupigia pasi. Samaki wa namna ile hukuwa umewahi kumgusa maishani. Miaka yote hiyo ya vichangu, na sasa huyu.

Hapo ndipo nilipoanza kusema. Unajua kwa nini, Baba? Kwa sababu ulikuwa umenipa mgongo. Nilijua sitauona uso wako, na nilitumaini maneno yangu yatamezwa na makelele, halafu nitajidai nilishakwambia. Ndivyo nilivyokuwa mwoga. Nikamwambia mgongo wako, "Baba, mimi sitaki duka. Nimepata kazi ya kuendesha lori. Naanza kesho."

Nikasikia kwachu! Mkasi.

Mshipi ulilegea, ukaelea juu ya maji. Kolekole akaenda zake.

Halafu wewe ukautazama ule mkasi kana kwamba umeuona leo. "Lahaula! Mkono wa fundi huu," ukasema. "Ukiona uzi unaning'inia, unakata tu." Ukacheka. Ukageuka, ukakaa kwenye mto wa bluu, magoti yako yakiyagusa yangu. "Haya, mama. Hatuna samaki sasa. Ulikuwa unasemaje?"

Nikasema yote, nikilia. Hukunikatiza. Nilipomaliza uliniuliza kama breki za hilo lori zimekaguliwa, kama safarini nitakuwa na mwenzangu, na nitalala wapi. Ukavuta pumzi. "Basi nitakushonea mto wa kiti. Safari ndefu zinaua mgongo." Kwenye daftari ukaandika: Kolekole, vipimo havikuchukuliwa, mteja ameondoka.

Toka siku hiyo, mtaa mzima ukakuita Fundi Kata Uzi. Kwa Kipara ulikuwa ukiigizwa mbele ya wateja. Kwenye harusi ya Kaka, mshereheshaji alileta keki na kusema, "Msimpe Fundi kisu, atakata kisichokatwa!" Ukumbi mzima ukavunjika mbavu, na wewe ulicheka kuliko wote. Hata siku tunakuzika, Kaka alipopewa nafasi ya kusema neno aliisimulia hadithi ile, na waombolezaji wakatabasamu katikati ya machozi. Mimi nilitoka nje. Kila iliposimuliwa nilitoka nje, na hakuna aliyejua kwa nini.

Niliamini mimi ndiye niliyekutetemesha mkono. Kwamba kwa sentensi moja nilikunyang'anya mrithi wa duka na samaki wa maisha yako, na ukacheka ili nisijue ulivyoumia. Kibao hukukibadilisha, na mimi nilikiona kama lawama. Wateja wakikuuliza Binti yuko wapi, ulijibu, "Yupo, yuko barabarani tu." Miaka sita nilikuja nyumbani, nikala, nikakuletea zawadi za kila mji, na sikukuuliza. Nilikuwa na lugha ya kujibizana na matrafiki wa barabara zote, lakini swali moja la baba yangu lilinishinda. Ukaondoka sijauliza.

Wiki iliyopita tuliitoa Sindano kwa mara ya kwanza. Kaka, Kipara na mimi. Mashine ilikohoa ikakubali. Tulipofika pale pale, Kaka akaanza, "Hapa ndipo Fundi Kata Uzi..." Nami sikuwa na pa kutokea, kama siku ile. Nikamwambia anyamaze. Nikasema, "Mimi ndiye niliyempotezea Baba samaki. Nilimshtua, mkono ukateleza."

Kipara alizima mashine.

"Nani ateleze? Baba yako?" akasema. Sijawahi kumwona amekasirika, Baba. "Miaka arobaini anakata nguo za watu, umewahi kusikia amekata pasipo pake? Mimi nilikuwa nimekaa hapa, namwona usoni. Wewe ulikuwa mgongoni. Uliposema neno la kwanza tu, alifumba macho. Nikanyoosha mkono nipokee mshipi, akanikatalia kwa kichwa. Akauweka uzi kwenye mkasi, taratibu, akakata. Hata huyo samaki hakumtazama."

Kaka akauliza, "Sasa kwa nini?"

"Nilimuuliza jioni, tunavuta boti. Akaniambia, 'Mtoto ameshindwa kusema mara nne. Ya tano ningemwambia asubiri nivute samaki, asingesema tena.' Akaniapisha nisiseme. Akasema, 'Akijua, badala ya kuendesha gari atakuwa analia barabarani.' Nimecheka naye miaka yote hii, mwanangu, na kila nikicheka kilikuwa kinanichoma hapa."

Baba. Sare ile uliyosema umekosea kipimo. Ningekuwa na akili ningejua.

Nililia pale mpaka Kaka akanishika bega. Halafu akafungua daftari lako, maana tulilibeba, akatafuta ule ukurasa wa kolekole. Alitaka kuandika kitu. Kalamu aliishika muda mrefu, mwisho akalifunga. Alisema kwako hakuna cha kusahihisha.

Tuliporudi, nilimweleza Mama. Hakushangaa hata kidogo. Aliendelea kuparua changu wetu mmoja. "Mimi nilijua," akasema. "Mwanamume aliyepoteza samaki kwa bahati mbaya haingii nyumbani anapiga mluzi."

Kwa hiyo tangazo hili la kumbukumbu, Baba, si la kukulilia tu. Ni la kuwaambia wote waliokuita Fundi Kata Uzi, na mimi ni mmoja wao kwa kunyamaza, kwamba ulikata kwa makusudi, na ulijua unachokata. Ulimwachia yule samaki ili umsikilize mtoto wako, halafu ukakubali kuchekwa mpaka mwisho ili mtoto asijilaumu. Mimi nilijilaumu hivyo hivyo. Lakini leo nimeacha.

Mto wa kiti ulionishonea bado ninaukalia, bluu upande mmoja, kaki upande wa pili. Umeshatoboka mara mbili na nimeushona mwenyewe, kwa mshono wako. Kibao cha duka kiko pale pale. Nimekipaka rangi juzi, herufi zile zile.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye mwezi ujao amesema atapanda Sindano, mara moja tu, tusimzoee. Na mwanao wa kiume na mkewe. Na wajukuu wako wawili, ambao sare zao zina upindo mpana. Na Kipara, rafiki yako, aliyetua mzigo. Na watoto wote wa mtaa waliovaa sare za mwenyewe asiyekuwepo. Na mimi, Binti, niliye barabarani tu.

Hatutakusahau, Fundi. Mkono wako haukukosea.