Kuvu Rafiki

Jumanne, 5 Machi 2024

Nimerudi Kihesa jana jioni, nilikuwa Iyunga kumtazama wifi Tumpe na mtoto wake. Asubuhi nikaingia bandani. Mifuko ya uyoga ina madoa ya kijani! Karibu yote. Uyoga wa chini umelegea, ukiugusa unateleza kama mlenda. Na ndiyo mavuno yangu ya kwanza. Nimekaa juu ya ndoo nikalia kidogo. Mume wangu Gwakisa yuko Kilolo na miche yake ya parachichi, hajui.

Alhamisi, 7 Machi

Nimempigia Tumpe, mwalimu wa baiolojia. Anasema ukuta wa uyoga umejengwa kwa kitini, kama gamba la panzi. Hiyo kuvu ya kijani inamwaga vimeng'enya, vinaikata kitini vipande vipande mpaka inakuwa sukari, nayo inajinywea. Uyoga pia una vimeng'enya vyake, ila unavitumia taratibu, kulegeza ukuta ili ukue. Huyu mgeni anabomoa nyumba nzima. Akauliza, mbona mifuko yote kwa mpigo? Sijui. Majani ya kuoteshea niliyachemsha mwenyewe, kuua vijidudu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimejua. Pakiti tupu nyuma ya pipa — KUVU RAFIKI, kinga ya mizizi ya miche. Ya Gwakisa. Tumpe kacheka mpaka mtoto kaamka. Eti ndiyo yenyewe, inawekwa kwenye miche ili izile kuvu zinazoozesha mizizi. Haichagui, wifi. Na uyoga ni kuvu.

Mume wangu jamani. Nikiwa Iyunga alinitumia meseji: banda lako nalitunza kama mboni ya jicho. Nikadhani anamwagilia tu. Hasira zimeniishia palepale. Nampenda, mjinga wangu huyu.

Jumapili, 10 Machi

Karudi. Hata chai hajanywa, kaenda bandani. Katoka, kofia mkononi, akaniuliza: Mama Goodness, nini kimeua uyoga wako? Ile sura yake — nimeshindwa. Nikasema kosa langu, majani hayakuiva vizuri.

Akanishika bega. Pole, nisijilaumu. Yeye alijitahidi kuukinga, ila alibana matumizi, akaweka pakiti moja tu. Safari hii mbili.

Sasa anawasha pikipiki, awahi duka la pembejeo. Nimemwita dirishani. Hasikii. Ananipungia mkono, anatabasamu —