Kumfundisha Baba Gofu

Nyumba ya Mwisho, Barabara ya Kanisa,
Pitcarrow, Fife,
Uskoti.
Jumatatu, 7 Oktoba 2019.

Mpendwa mdogo wangu Struan,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko Dunedin? Marama hajambo? Na Ruaridh, meno ya mbele yameota au bado anacheka na pengo lake? Sisi tupo. Mama anasumbuliwa na goti, ila ukimwuliza atakwambia ni goti la hali ya hewa, nje kukikauka na lenyewe litatulia. Mimi ni mzima, pua imebabuka kwa upepo kama ya mwalimu yeyote wa gofu wa pwani hii, na mvua inatunyeshea tangu Agosti bila hata aibu.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu ningelia, nawe ungekata tiketi ya ndege kabla sijamaliza kueleza. Kaa chini, usome taratibu. Hakuna aliyekufa.

Najua unadhani Baba amekukasirikia. Kila Jumapili unapiga, Mama anapokea, unamwomba Baba, naye anatikisa kichwa na kutokomea uani. Umeniuliza zaidi ya mara moja kama ni kwa sababu hukuja alipougua. Siyo hivyo. Kiharusi cha Februari hakikugusa mkono wa kulia tu kama tulivyokwambia. Kiligusa na ulimi. Mkono umerudi kiasi, lakini maneno yanakuja moja moja, na mengine hayaji kabisa. Baba anaona haya, Struan. Mtu aliyekuwa akibishana na baraza zima la kanisa mpaka wenyewe wanaomba chai, hataki mwanawe amsikie akilitafuta hilo neno "chai". Alituapisha mimi na Mama tusikwambie. Leo nimevunja kiapo hicho na sijutii.

Gofu nayo aliiacha. Mwezi wa Aprili alibeba mfuko wake wa fimbo akauweka mlangoni kwa Mzee Rab Imrie, mwenzake wa gofu, kama mtu anayerudisha sufuria ya kuazima. Jioni Rab akaurudisha. Asubuhi Baba akaupeleka tena. Mtaa mzima ulivunjika mbavu kuona wazee wawili wakipishana na mfuko, ila Mama aliingia jikoni akalia. Alijua maana yake. Daktari amesema mzee atembee, ashughulike, akae na watu, na hapa kwetu watu wenyewe wako uwanjani. Baba akiacha kwenda uwanjani atabaki na kile kiti cha dirishani tu, na Mama aliogopa kwamba hatainuka tena pale. Rab kwa upande wake alitangaza kwamba asipocheza na Wattie Cargill, yaani Baba, kwenye Mechi ya Supu ya kijiji, hachezi na mtu.

Basi kazi ya kumrudisha uwanjani ikawa juu yangu. Si mimi ndiye mwalimu?

Nikueleze jambo moja kidogo, maana lina uhusiano. Masika nilikwenda Stirling kwenye mafunzo ya walimu. Tulipewa karatasi ya maswali ya kumpa kila mwanafunzi, ili ujue kama anajifunza kwa macho, kwa masikio au kwa mikono, halafu umfundishe kwa njia hiyo. Nilirudi na furaha, nikawagawa watu wangu mafungu matatu kama viazi. Haukupita muda nikaanza kuona vituko. Mama mmoja mwoka mikate alijaza kwamba ni mtu wa macho, nikamwonyesha picha mpaka betri ikaisha, hola. Siku moja nikamwuliza unga unajuaje umekandika vya kutosha. Akasema, "Unaacha kunigomea mikononi." Nikampa fimbo nyepesi, nikamwambia azungushe mpaka iache kumgomea. Sasa anawashinda wanaume. Ile karatasi nimeiweka kando. Mtu mpya akija namwuliza kitu anachokijua vizuri maishani na alikijuaje, kisha nasikiliza.

Lakini nenda kamfundishe baba yako mwenyewe! Yote niliyokuwa nayafanya kwa wageni yalinitoka. Nilimrekodi kwenye simu ili ajione, akaigeuza simu kifudifudi juu ya nyasi na kunitazama kama vile nimemvua nguo hadharani. Nikajaribu kumweleza kwa maneno, na unanijua nikianza. Bega hivi, kiuno vile, goti usilifungue. Nilikuwa nammiminia maneno mtu ambaye kilichoumia ndiyo hayo maneno. Na akisimama kulitafuta moja, "Ni… ni…", mimi nadakia, "Nzito? Inakuelemea? Unataka fupi?" Aliitupa fimbo chini, akaenda zake. Hakunisemesha wiki nzima, na nilishindwa kujua ni kwa hasira au ni kwa kukosa neno. Hilo liliniuma kuliko yote.

Kilichotuokoa ni mkate wenye jibini. Mama ana ujanja wa kumtuma Baba aniletee chakula cha mchana ili atembee, na yeye anaujua ujanja huo ila anajitia hamnazo. Siku hiyo nilikuwa na mwanafunzi wangu wakili, yule ambaye kila pigo lazima aulize kwa nini. Baba akaweka mkate, akaketi kwenye benchi, akatupa mgongo makusudi, uso baharini. Wakili akapiga.

"Udongo," Baba akasema.

Ni kweli, fimbo ilikuwa imekula ardhi kabla ya mpira. Wakili akapiga tena.

"Kichwa."

Mpira ulikuwa umeguswa juu, ukatambaa kama panya. La tatu nalo, "Udongo. Mwingi." Wakili akanigeukia.

"Huyu mzee ana macho kisogoni?"

"Ni baba yangu," nikasema.

"Basi mwambie aje mbele, nikilipa nilipe wawili."

Pigo lililofuata lilikuwa safi. Baba aliinua kidole kimoja tu hewani, mgongo bado kwetu. Nilisimama pale nimeshika tama. Struan, unakumbuka karakana yake ya useremala? Wewe unapiga randa chumba cha pili, yeye yuko huku anapaka gundi, mara anapaza sauti kwamba unakwenda kinyume na nyuzi za mbao? Hakuwahi kuja kutazama. Tulidhani anabahatisha. Kumbe mbao alikuwa anazisikia, na mipira anaisikia vilevile.

Siku iliyofuata nilimfuata nikamwambia, "Baba, leo mimi sisemi."

Akanitazama muda, midomo ikihangaika. "Afa… dhali," akasema.

Nilipiga mimi, yeye amenipa mgongo na kutoa hukumu. Udongo, kichwa, kidole. Halafu tukabadilishana. Nikamwachia nyasi tupu bila mpira, azungushe fimbo atafute ule mfyeko mwepesi wa nyasi, ambao ukiusikia unajua fimbo imepita panapotakiwa. Ule mkono wa kulia ulikuwa unachelewa, na sauti ikawa inakatika katikati. Alikuwa anaisikia mwenyewe. Sikuwa na haja ya kumwambia kwamba mkono umechelewa, wala yeye hakuwa na haja ya kunielewa. Alirudia, akarudia, jasho likimtoka kwenye baridi ile, mpaka sauti ikanyooka. Ndipo nikaweka mpira. Mimi nikageuka nikatazama bahari, na zamu hii hukumu zikawa zangu. "Udongo," nikasema. "Kichwa." Nikasikia anatukana kwa sauti ya chini, na tusi hilo lilitoka zima bila kukwama, Mungu amsamehe. Kisha nikasikia mpira ukitoka kwa mlio ule tunaoujua sisi sote wa huku. Sikugeuka. Niliinua kidole.

"Tena," akasema Baba.

Nimefikiri sana tangu siku ile. Ningekuwa bado na karatasi yangu ya Stirling ningemwandika mtu wa masikio na kufunga mjadala. Lakini tulipofika kwenye kusukumia mpira shimoni, masikio hayakumsaidia lolote. Pale anatembea kutoka mpirani hadi shimoni, polepole, anausoma mteremko kwa nyayo. Na asubuhi za baridi, mkono ukiwa mgumu, hataki sauti wala nyayo, anataka aone mkono wangu umekaaje kwenye mpini. Mtu mmoja, siku moja, milango mitatu. Siku hizi siulizi tena mwanafunzi ni wa aina gani. Najiuliza leo, kwa jambo hili, nimpitie wapi, na kama siyo mimi ninayeziba njia kwa kelele zangu. Maana jambo jingine nililoliona ni kwamba nikinyamaza, maneno ya Baba yanakuja. Yule mama wa hospitali anayemfundisha kuongea alituambia tangu mwanzo tumsubiri. Nilidhani anazungumzia maneno ya mezani tu, chai na mkate.

Sasa Mechi ya Supu. Ilikuwa juzi Jumamosi. Sheria unazijua, wawili mpira mmoja kwa kupokezana, na wanaoshindwa wanafunga aproni za wake zao na kuwapakulia wenzao supu ya shayiri mbele ya kijiji kizima. Baba na Rab walipangiwa Dod Petrie mwuza nyama na mchungaji wetu. Dod hakupoa.

"Wattie, aproni ya mkeo nimeshaipiga pasi."

"Piga mpira, Dod," Rab akamjibu. "Mdomo wako umeshafika shimo la mwisho, wewe bado uko la kwanza."

Baba alicheza vizuri. Siyo kama zamani, usinielewe vibaya, ila vizuri. Walifika shimo la mwisho wako sawasawa, na watu wamejaa ukutani. Baba alikuwa na mpira wa kusukuma kutoka mbali. Akatembea njia yake, akarudi, akasukuma. Ukaenda, ukapinda, ukasimama kiganja kimoja tu kutoka shimoni. Rab akiugusa tu, mechi ni yao. Dod mwenyewe alikuwa anafungua kinywa awape shimo bila hata kuugusa. Na Baba, mdogo wangu, kwa mazoea ya maisha yake yote ya kucheza mpira wake mwenyewe, akasogea hatua moja akautumbukiza.

Zamu ilikuwa ya Rab.

Kugonga zamu ya mwenzako ni kulipoteza shimo, na kupoteza lile ilikuwa ni kupoteza mechi. Mchungaji alitazama viatu vyake. Nilimwona Baba anang'amua alichofanya, uso ukampauka, nami nikajua kwamba ataondoka pale moja kwa moja hadi kwenye kile kiti. Dod, ambaye kumbe ana moyo chini ya yale mafuta yote, akasema kwa upole, "Wattie, mzee wangu, hiyo tusiihesabu."

Baba akamgeukia. Midomo ikaanza kuhangaika. Rab akafungua kinywa kumsaidia, nikamshika mkono wa koti nikamminya mpaka akakunja uso. Tukasubiri. Watu wote wa Pitcarrow walisubiri.

"Mimi… mgonjwa," akasema Baba. "Siyo… mwizi. Lete aproni."

Struan, niliangua kilio mbele ya wanafunzi wangu. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote tangu Februari, na ilikuwa yake mwenyewe, haikumaliziwa na mtu. Rab akampiga kofi la mgongo, akasema, "Miaka yote hii nimekwepa kuvaa aproni, leo umenivalisha kwa kiganja kimoja, mjinga wewe!" Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Baba alipakua supu jioni nzima, na bakuli la Dod, kwa kumlipizia utani wake, lilikuwa karoti tupu.

Marama mpe salamu zangu, mwambie sweta niliyomwahidi naifuma, nimefika mkono wa pili. Ruaridh mbusu kwenye pengo. Shangazi Beathag wa Oban anakusalimu na kuuliza kama kondoo wa huko kwenu wananenepa. Mzee Rab naye anakusalimu, ila ameniomba nisitaje aproni.

Limebaki neno moja. Jana tukiosha vyombo, Baba akasema, "Struan." Nikajua kuna linalofuata, nikajiuma ulimi, nikaendelea kusugua sahani moja ile ile. Akasema, "Ya mechi… nita… msimulia. Mimi." Kwa hiyo Jumapili ukipiga baada ya kuipata barua hii, atapokea yeye. Mimi nimemwibia hadithi yake, kwa hiyo jifanye hujui kitu, ushangae panapostahili. Itachukua muda mrefu. Kuna mahali atakwama na utalijua kabisa neno analolitafuta, litakuwa limekujaa mdomoni. Lishikilie hapohapo, mdogo wangu. Mwache alipate.

Mungu awafunike ninyi nyote huko mliko, na atupe uvumilivu wa kusubiriana.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata usipojibu barua,
Elspet