Galdren Amehamia kwa Maadui

Matsue, Novemba

Mdogo wangu mpenzi Chinami,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba theluji ya Sapporo haijawafungia mlango. Sisi huku hatujambo. Mama naye hajambo, ila goti lake linamsumbua asubuhi. Machenza uliyotuma yalifika salama, na tumeyala yote bila haya.

Nina habari ambayo hutaiamini. Mama anacheza gemu. Tena si karata za kwenye simu. Anacheza Bendera za Velmora, sehemu ya pili. Nilikuta kaseti yake pamoja na mtambo wa gemu kama ule wetu wa zamani katika duka la vitu vilivyotumika karibu na stesheni, nikanunua kwa ajili ya kumbukumbu tu. Nilikuwa nimekaa kwenye meza ya kotatsu, miguu kwenye joto la chini yake, ndiyo kwanza naanza, Mama akapita na kikapu cha nguo akasimama ghafla.

“Huyo si yule wa Chinami? Mwenye mkuki?”

Nilishtuka. Alikuwa Galdren kweli, yule uliyekuwa ukimpenda ukagoma kula siku alipojeruhiwa. Kumbe miaka yote ile Mama alipokuwa akipiga pasi nyuma yetu na kutishia kuchomoa waya, alikuwa anafuatilia!

“Mbona yuko upande wa maadui?” akauliza.

Nikamwambia sijui. Akaweka kikapu chini, akaketi, na kwa kweli hajainuka tangu hapo. Alitaka kujua kila kitu: kwa nini watu wanasogea kwa zamu kwenye ramani, kwa nini mwenye farasi hapandi mlima, kwa nini mganga amevaa nguo nyeupe vitani, nani atazifua. Nilipomweleza kwamba katika gemu hii mtu akifa vitani harudi tena, alinitazama kama mimi ndiye niliyetunga sheria hiyo. Basi akifa mtu mmoja tu, hata yule mwizi asiye na faida, Mama anazima na kuanza pigano lote upya.

“Ana mama yake huyo,” ndivyo anavyosema.

Tulipofika kwenye pigano la daraja, Galdren alikuwa amesimama katikati yake, analinda ngome ya adui. Ukimkaribia, unaweza kumpiga au kuongea naye. Mama akasema hatumpigi mtoto wa nyumbani, lazima yuko mtu wa kumrudisha. Swali likawa, ni nani?

Tulimtuma malkia wetu, Isenya. Galdren akainama kwa heshima, akasema sasa ana bwana mwingine. Tukamtuma mganga, akashukuriwa kwa wema wake wa zamani, basi. Tukamtuma mwizi, akatakiwa safari njema. Tukamtuma Orvin, yule mpiga mishale mnene, rafiki yake wa sehemu ya kwanza. Huyo alifokewa asirudi tena, akachomwa mkuki, akabaki na uhai wa kidole kimoja. Nikasema tumekosea, tuanze upya.

“Ngoja kwanza, usiniharakishe,” Mama akasema, akanywa chai yake. “Wengine wote amewajibu kama nilivyokuwa nawajibu wateja pale posta. Asante, karibu tena, anayefuata. Huyu peke yake kamkasirikia. Kwa nini amkasirikie kama hamjali tena?”

Akamtuma mganga amtibu Orvin, kisha akamrudisha Orvin palepale mbele ya mkuki. Nilifumba macho, Chinami, mtu mzima mimi! Nilipofumbua, Galdren alikuwa ameutupa mkuki chini na muziki umebadilika. Mama alipiga makofi mpaka jirani, Bibi Nagami, akaja kuuliza kama tumeshinda bahati nasibu.

Sasa nikwambie jambo nililokuwa nalizungushia. Kila uliponipigia simu ukanikuta kwa Mama, nilikwambia ninamsaidia usafi. Si kweli. Nimehamia hapa tangu mwisho wa kiangazi. Nimemwacha Kensuke. Sikutaka kukwambia kwenye simu kwa sababu ungelia, kisha mimi ndiye ningekubembeleza.

Mama hakuniuliza hata neno moja niliposhuka kwenye teksi na masanduku yangu. Alinitandikia godoro tu. Lakini siku ile ya Galdren, Bibi Nagami alipokwisha kuondoka, alinigeukia bila kuweka chini kidude cha kuchezea.

“Na wewe, mumeo ulimwendea mara ya pili?”

Nikamwambia nilimwendea mara nyingi, mpaka nikachoka.

“Alikukasirikia?”

Nikafikiri sana. Nikamwambia hapana, hajawahi. Alikuwa akinijibu vizuri, kwa upole, kama mtu wa mapokezi hotelini. Hata nilipomwambia naondoka, aliuliza kama nitahitaji kusaidiwa kubeba masanduku.

Mama akaitazama skrini. Kisha akasema, “Basi huyo mwache kwenye ramani,” akasogeza farasi wake.

Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikaenda kupasha moto supu ya kome. Jana nimepiga muhuri wangu kwenye karatasi za talaka. Kensuke alikuwa amekwisha kupiga wake, umenyooka vizuri kabisa.

Usinionee huruma, nalala vizuri na ninakula kupita kiasi. Njoo tu mwaka mpya, ukae siku kadhaa. Mama amekwama kwenye bonde la mazimwi, na anasema mimi nina pupa, anakutaka wewe.

Msalimie sana shemeji. Bibi Nagami anakusalimu, na Mama anakuombea afya, anasema uvae soksi mbili.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Tomoyo Kadowaki
(ndiyo, nimelirudia jina letu la ukoo)