Kifungo Kisichopunguzwa

Mjukuu na wajina wangu Wanjiru,

Hapa Aston ughaibuni tu wazima, ila mjomba wako anakohoa kwa baridi. Barua yako kutoka Australia imenitia hofu. Unauliza uende mahakamani kufanya nini, ikiwa rafiki yako Dylan amevunja nyumba mara ya tatu na sheria inamlazimu hakimu amfunge. Unasema vijana wa Kiaborijini kama yeye, wenyeji wa asili wa huko, wanachukuliwa hivyo mmoja mmoja, na nyanya yake hapati usingizi.

Nikiwa msichana kule Nakuru, kaka yangu Njoroge alishtakiwa kwa wizi wa mbuzi. Hakimu alimtazama sana, akasema, "Ningekuwa na uwezo ningekurudisha shuleni. Sheria ya mifugo hainiachii nafasi."

Akamfunga miaka mingi, askari wakaanza kumtoa. Niliogopa askari watanishika na mimi, lakini nilipanda juu ya benchi ili Njoroge anione.

Alirudi kutoka jela akiwa mtu mzima, mama yetu akiwa ameshazikwa. Akaniambia, "Nilipogeuka nikakuona, nilijua bado nina kwetu."

Mimi hata leo nikisikia king'ora cha polisi moyo hunipasuka. Nenda hivyo hivyo na woga wako, mama. Mshike nyanya ya Dylan mkono, mkae mbele.

Nyanya yako anayekuombea