Mara Sita kati ya Ishirini

Mujukuu wangu Nyota,

Nilipoteza upande wa kushoto mwezi wa tatu, siku damu ilipoganda kichwani. Macho ni mazima, lakini akili inausahau upande ule. Kambo mwanamuke, bibi yako, hajambo, mahindi yameiva. Wiki mbili nilimunung'unikia kwamba hakai tena na minye mezani; kumbe alikuwa kushoto kwangu. Hakuna aliyeniambia!

Unauliza kama unaweza kuniachia mutoto likizo hii. Nilipojifunza kuendesha kamyo, lile lori la mizigo, njia ya Kambove, mwalimu alinifokea: "Weye, kioo cha kushoto umekiweka kwa urembo?" Akanizoeza kuhesabu mpaka kumi, kisha kugeuza kichwa. Sasa kinesi, yule anayenifanyisha mazoezi, anataka vilevile: nigeuke mpaka nione utepe mwekundu aliobandika kwenye ukingo wa kushoto wa meza.

Jana niliuona mara kumi na nne kati ya ishirini. Zile sita zinaniogopesha, mama. Katika moja, mutoto wako anaweza kuwa amesimama karibu na mbabula, jiko la makaa, yenye moto, na minye nisimuone.

Utakaa naye hapa mwenyewe, ndiyo ao hapana? Nijibu mbele ya Jumamosi, saa sita ya mchana.

Kambo yako