Picha ya Mama Isiyokubali Kukuzwa

S.L.P. 1417,
Ipogolo, Iringa.
9 Agosti 2024

Mpendwa mdogo wangu Anord,

Kamwene. Huko Poland mnaendeleaje? Afya yako vipi, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona? Huku sisi wazima kwa neema ya Mungu, ingawa uzima wenyewe ni huu wa kuamka na kukumbuka. Baba anakula kidogo. Presha yake imetulia.

Tulianua matanga ya mama Jumamosi iliyopita kule Kilolo. Mama mdogo Sabina alikuja kutoka Mbeya na wanawe wote, na mvua ya manyunyu haikutuacha tangu asubuhi. Usijilaumu kwamba hukuwepo. Kila mtu anajua pasipoti yako ilikuwa imepelekwa kuongezewa muda, na hakuna aliyekusema vibaya.

Ndani ya bahasha hii utakuta picha ya mama. Usishangae udogo wake. Nakuandikia kwa kalamu, badala ya kukupigia, ili nikueleze jinsi ilivyopatikana, maana kwenye simu nisingefika mwisho bila kulia.

Siku ya mazishi hatukuwa na picha ya kuweka juu ya jeneza. Nilipekua simu yangu, na ya Happy mwanangu, na albamu za zamani. Mama yumo katika picha nyingi, lakini kila mara yuko nyuma, amebeba sinia, au amegeuka, au ni mkono tu unaomimina chai. Unakumbuka alivyokuwa akisema, “Pigeni kwanza nyie, mimi nageuza ugali.” Basi sisi tukapiga kwanza, miaka yote.

Mwishowe nikapata moja kwenye kundi letu la WhatsApp, ya harusi ya ndugu yetu Jackline kule Uyole. Mama anaonekana mlangoni, nyuma ya maharusi, amevaa kitenge chake cha Wawata, kile cha akina mama wa kanisani, anacheka. Nikakata kipande chenye uso wake, nikakikuza kijae karatasi ya A4, nikakichapa kwa ile printa ninayochapia mitihani ya shule. Kwenye kioo cha simu alikuwa mama. Kwenye karatasi alitoka vipande vya mraba kama vigae, macho hayana mboni, mdomo umeyeyuka.

Baba aliitazama, akaniuliza, “Huyu nani?”

“Ni mama, baba.”

“Nimekaa na Evarista miaka arobaini na sita. Huyu simjui.”

Muda ulikuwa umekwisha, gari lilikuwa nje. Happy akaibeba hiyo hiyo mbele ya jeneza mpaka makaburini. Nilisikia akina mama wakinong'ona, na sikuinua uso wangu. Anord, jambo hilo limenichoma kuliko nilivyomwambia mtu yeyote. Mama alitembea safari yake ya mwisho akitanguliwa na sura isiyo yake, na mimi ndiye niliyeichapa.

Shule ilipofunguliwa nilimweleza Mwalimu Aroni, anayefundisha kompyuta pale kwetu. Hakunicheka. Alinionyesha kwamba picha ni nukta tu, na kwamba WhatsApp huibana picha ili ipite haraka, nukta nyingi zikabaki njiani. Uso wa mama katika kile kipande ulikuwa na nukta mia moja tisini na mbili kwa upana, nami nilizitandaza kwenye karatasi nzima. “Dada Vene,” akasema, “mbegu za kopo moja huwezi kupanda ekari kumi.” Akaniambia picha ya kushikwa mkononi inataka nukta mia tatu kwa kila inchi ili itoke safi. Mia na hamsini inavumilika. Chini ya hapo ni kubahatisha.

Nikampigia Jackline. Namshukuru Mungu hakuwa ameifuta. Nilimwomba aitume kama dokumenti, isibanwe. Ilipofika ilikuwa na nukta elfu nne kwa elfu tatu, nikadhani tumempata. Lakini mama alikuwa mbali na kamera, mdogo vile vile. Nilipomkata akabaki na nukta mia nne themanini kwa mia sita. Ndizo zote zilizopo, mdogo wangu. Hakuna kompyuta itakayoziongeza kwa kweli. Aroni alisema zipo programu za kubuni nukta zilizokosekana, nikakataa. Sikutaka mama wa kubuniwa.

Nikachapa tatu kwenye karatasi ya picha: ya A4, ya ukubwa wa kiganja, na ndogo kabisa kama ya pasipoti. Nikampelekea baba Kilolo, nikazipanga mezani. Ile kubwa aliigeuza kifudifudi. Ile ndogo ilikuwa safi kuliko zote, akaipeleka dirishani, lakini macho yake hayakuifikia. Akachukua ya kiganja. Ina ukungu kidogo kwenye nywele, ila kicheko ni chake, na lile pengo la jino la pembeni linaonekana.

“Huyu ndiye,” akasema. Kisha akaniuliza, “Veneranda, mbona hatukuwahi kumwambia asimame mbele?”

Kama wewe una jibu la swali hilo, niandikie.

Hiyo unayoishika ni sawa na ya baba. Usiipige picha ukaikuza ukutani, tafadhali. Tafuta fremu ya kiasi chake. Na kama una picha yoyote ya mama kwenye simu zako za zamani, hata akiwa nyuma ya watu, nitumie faili lenyewe.

Jana nilimwomba baba nimpige picha akiwa amekaa kwenye benchi la barazani. Niliweka simu kwenye ubora wa juu kabisa, nikasogea karibu. Alivua kofia, akajinyoosha, halafu akajisogeza pembeni mpaka ukingoni mwa benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja kando yake. Nilimwambia, “Baba, kaa katikati.” Akasema, “Hapa panatosha. Piga.” Aroni angenishauri nikate ile sehemu tupu ili baba aonekane vizuri. Sikuikata. Nimeichapa ilivyo.

Baba anakusalimu sana, na mama mdogo Sabina, na Jackline na mumewe, na Happy anayekuuliza kila wiki utarudi lini. Mungu aliyempumzisha mama akutunze ugenini, akurudishe ukiwa na nguvu zako zote.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda siku zote,

Veneranda Kalinga