Gesi Kisimani kwa Babu

Jumatano, 8 Septemba 1993
Mtambo umewaka. Unachoma vifuu vya nazi, unatoa umeme, na moshi wake, asema meneja wetu Bwana Nguma, haupotei. Gesi ya kaboni inachujwa, itauzwa kwa watengeneza soda. Changamwe nzima inakohoa moshi wa malori, sisi tumefunga wetu! Ila mnunuzi hajapatikana, na matangi hayajafika. Basi gesi inapelekwa kwa bomba hadi kisima kikavu nyuma ya kiwanda, kilichofunikwa kwa mbao. Hata mchele wangu nimeufunika vizuri zaidi.

Kisima chenyewe ni cha marehemu babu yangu. Ardhi iliuzwa, lakini ukoo uliachiwa ruhusa ya kuingia kumfukizia ubani.

Ijumaa, 10 Septemba
Shangazi Mwanakheri kaja na chetezo. Kaondoa ubao mmoja, kakiteremsha kwa kamba kama kawaida. Makaa yakazimika. Kayawasha tena, yakazimika. Kaapa wallahi muuza ubani wa Kongowea kamuuzia gundi, kaenda kumgombeza. Nasikia maskini kafunga duka.

Mimi najua. Maelezo ya mafundi niliyachapa mwenyewe: gesi hii hutulia mahali pa chini, huzima moto, huzima na mtu. Nikamwambia shangazi. Akauliza ni moshi gani usioonekana wala kunuka. Nimesoma mno, asema, ndiyo maana siolewi.

Jumatatu, 13 Septemba
Ubani mpya, makaa yamezimika vilevile. Hukumu ya shangazi: babu amekasirika, kisima hakijafagiliwa miaka mingi. Ami Bakari, aliyekuwa akishuka kukifagia, atashuka Ijumaa. Yule mzee, na magoti yale! Nimemfuata hadi kwake. Anajibu kwamba alikuwa akishuka humo mimi sijazaliwa. Naogopa.

Jumanne, 14 Septemba
Nimemwendea Bwana Nguma. Kanisikiliza huku anakunywa soda. Ni gesi ileile, asema, Kenya nzima inainywa na hajafa mtu. Akateuka mbweu — huo ndio ushahidi. Ijumaa kuna wageni wa kuzindua mtambo, hataki maneno ya kisima. Tena afadhali mzee ashuke mbele yao, waone kampuni inavyoheshimu mila. Atapigwa picha.

Nimekasirika hata sikula.

Ijumaa, 17 Septemba
Niko ofisini, kwenye taipureta. Nimefukuzwa — na barua ya kunifukuza nimeambiwa niichape mwenyewe, bila makosa.

Ami alipofunga kamba kiunoni nilisimama mbele ya wageni nikasema yote. Bwana Nguma akacheka, akasema binti ana homa, kisima kile ni salama kama sebule yake. Akanionyesha ofisi kwa kidole.

Naona kila kitu dirishani. Ami amefungua kamba, anampelekea Bwana Nguma kwa mikono miwili. Sauti ya ami, ile ya karamuni, inafika hadi hapa: "Mwanangu, sebuleni mwa mtu siingii kabla ya mwenyewe. Tangulia, kisha unikaribishe."

Wageni wanapiga makofi. Mpiga picha amejipanga. Shangazi amechutama ukingoni na chetezo chake kilichozimika. Bwana Nguma ana kamba mkono mmoja, soda mkono wa pili. Anachungulia chini. Bado anachungulia. Soda haijafika mdomoni.

Barua yangu nimeichapa hadi "Kuanzia leo". Nangoja nione ni nani atakayeitia sahihi.